Fluoresensi, fosforasi-32 au kometi: uchague njia gani kupima DNA iliyoguswa na vichafuzi?

Mtu anayetaka kujua kama moshi wa kuni umegusa DNA za mama lishe, au kama samaki wa karibu na gati la mafuta wameathirika, atakuta njia zisizopungua tano za kupima, na kila moja itampa namba. Kimbembe ni kwamba namba hizo hazipimi kitu kimoja. Mapendekezo mengi ya utafiti huchagua njia kwa kigezo kimoja tu, kwamba makala fulani imeiita nyeti kuliko zote. Mwaka mmoja baadaye mwanafunzi ana jedwali zuri la matokeo ambalo halijibu swali alilouliza.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kama kichafuzi unachokishuku hung'aa chenyewe kikipigwa mwanga wa urujuanimno, anza na fluoresensi, yaani kupima mng'ao huo. Kama haking'ai, usiilazimishe, hata kama mashine iko maabara na imelala bure.

Kinachotafutwa

Tuchukue benzo(a)pireni, kwa sababu ndiyo iliyochunguzwa kuliko nyingine na ndiyo iliyo karibu nasi: imo kwenye moshi wa kuni, mkaa, sigara na magari, na kwenye lami. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kundi la 1, yaani husababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Ikiingia mwilini kama ilivyo, haiwezi kushikamana na DNA. Mwili ndio unaoipa meno. Vimeng'enya vya P450 huanza kuibadilisha ili iyeyuke majini na itoke, na katikati ya kazi hiyo huzaliwa kitu kiitwacho BPDE, ambacho hunata kwenye guanini (G), mojawapo ya herufi nne za DNA. Kipande hicho kilichonata ndicho adakti. Seli ikigawanyika kabla ya kukiondoa, mahali pa G panaweza kuandikwa T, na kosa hilo hurithiwa na seli zote zinazofuata.

Ugumu wa kazi hii uko kwenye uchache. Seli moja ya binadamu ina nyukleotidi, yaani vipande vinavyobeba herufi hizo mojamoja, kama bilioni 13. Adakti 1 kwa kila nyukleotidi milioni 100 ni adakti zipatazo 130 tu kwa seli. Ukitoa mikrogramu 100 za DNA kutoka kwenye damu, kiasi ambacho mililita 5 kwa kawaida hutosha kukitoa, ndani yake utakuwa unatafuta takriban pikogramu 1 ya kichafuzi, sehemu moja ya trilioni ya gramu. Njia yoyote isiyofika hapo ni ya kupimia panya waliolishwa sumu kwa makusudi. Haitakufaa kwa watu wa mtaani.

Fluoresensi: nguvu yake na vitimbi vyake

DNA yenyewe karibu haing'ai kabisa. Kati ya fotoni elfu kumi inazomeza katika joto la kawaida, hurudisha takriban moja kama mwanga. BPDE iliyonata, kwa upande wake, imebaki na umbo la pireni, na pireni ni miongoni mwa molekuli zinazong'aa vizuri. Kwa hiyo unatafuta mwanga kwenye giza, jambo ambalo ni rahisi kuliko kutafuta mwanga hafifu kando ya mwanga mkali.

Isitoshe, fluoresensi ndiyo iliyoifichua benzo(a)pireni. Mwaka 1930 huko London, Hieger, katika kikundi cha Kennaway, aliona kwamba lami zinazosababisha saratani kwenye ngozi ya panya zina michirizi ya mwanga ya aina moja, karibu na nanomita 400, 418 na 440. Walifuata michirizi hiyo hatua kwa hatua ndani ya tani mbili za lami ya makaa ya mawe, na mwaka 1933 Cook, Hewett na Hieger wakatangaza kwamba wameitenga. Daktari mpasuaji Percivall Pott alikuwa ameandika juu ya saratani ya wasafisha dohani tangu 1775. Ilichukua zaidi ya miaka 150 na kifaa cha kupima mwanga kumpata mhusika kwenye masizi yale.

Siku hizi fluoresensi ya adakti hupimwa kwa namna tatu, na hazilingani hata kidogo.

Ya kwanza ni skani ya pamoja. Badala ya kushikilia urefu mmoja wa wimbi la kuchochea na kusoma mwanga unaotoka, mashine husogeza vyote viwili kwa wakati mmoja, vikiwa vimeachana kwa nanomita 34. Kwa BPDE, mwanga wa kuchochea ukifika 345 na wa kusoma ukifika 379, kilele kimoja chembamba huchomoza, na takataka nyingi ambazo zingeziba spektra ya kawaida hukaa chini. Vähäkangas na wenzake waliieleza kwa BPDE mwaka 1985, na mwaka huohuo ikatumika kwa wafanyakazi wa tanuri za koki, yaani za kuchomea makaa ya mawe. Uzuri wake ni kwamba fluorimita ya kawaida yenye monokromata mbili (vifaa vya kuchagua urefu wa wimbi) inaifanya. Ubaya wake ni kwamba kwa watu wa kawaida, wasiofanya kazi kwenye tanuri, mara nyingi ishara huwa chini ya uwezo wake.

Hapa kuna mtego ambao vitabu huupita haraka. Ukichochea kwa nanomita 345 ndani ya maji, maji yenyewe hutawanya mwanga kwa namna ya Raman, yaani huurudisha ukiwa na urefu mwingine wa wimbi, na mwanga huo hutokea karibu na nanomita 391. Vilele vya BPDE viko karibu na 380 na 400. Maji yameketi katikati yao! Asiyejua hili ataona kilele kizuri kwenye kuveti (kichupa cha kupimia) isiyo na DNA yoyote na atafurahi. Dawa yake ni rahisi: sogeza mwanga wa kuchochea kwa nanomita chache. Kilele cha Raman kitahama nawe, cha BPDE kitabaki palepale.

Mtego wa pili ni kwamba adakti ikiwa bado ndani ya DNA, besi (zile herufi) zilizo jirani huuzima sehemu kubwa ya mwanga wake. Ndiyo maana namna ya pili, ambayo ningeipendekeza kwa walio wengi, huanza kwa kuchemsha DNA kwenye asidi hafifu ya hidrokloriki, karibu nyuzi 90 kwa saa kadhaa. Adakti hung'oka na kugeuka tetroli, nayo hung'aa kwa nguvu zaidi. Tetroli hizo hupitishwa kwenye HPLC, mashine inayotenganisha kemikali kwa kuzisukuma ndani ya safu, yenye kigunduzi cha fluoresensi, na sasa una ushahidi wa aina mbili: muda wa kutoka kwenye safu na rangi ya mwanga. Kwa mikrogramu 100 za DNA, njia hii hufika adakti chache kwa kila nyukleotidi bilioni 1 ikifanywa kwa uangalifu. Kumbuka kutoa oksijeni kwenye vimiminika kwa kupitisha naitrojeni au heli. Tetroli hukaa muda mrefu katika hali ya kuchochewa, na oksijeni hupata nafasi ya kuizima kabla haijang'aa.

Ya tatu ni ya matajiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Personov, katika Umoja wa Kisovyeti, alionyesha kwamba sampuli ikipozwa kwa heli ya kimiminika hadi takriban nyuzi −269 na kuchochewa kwa leza ya rangi moja safi, bendi pana za fluoresensi huvunjika kuwa mistari myembamba. Maabara ya Ames huko Iowa, Marekani, chini ya Small na Jankowiak, iliitumia mbinu hiyo kwa adakti za DNA katika miaka ya 1980. Mistari ile inaonyesha kama adakti imejipenyeza kati ya besi au imekaa nje, na inatofautisha pacha zake zenye umbo la kioo. Ni kazi ya kupendeza. Lakini kama swali lako ni nani amevuta moshi zaidi, huihitaji, na heli ya kimiminika itakula bajeti yako kabla hujapima sampuli kumi.

Udhaifu mkubwa wa fluoresensi yote hii ni upofu wake. Inaona kinachong'aa tu. Benzo(a)pireni, sawa. Aflatoksini, sumu ya ukungu wa nafaka, sawa. Etheno-adenini, inayoachwa na kloridi ya vinili, pia hung'aa. Lakini uharibifu wa oksijeni kwenye guanini, ule unaopimwa kama 8-oxo, hauonekani hivi, na zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu haiachi adakti ya kung'aa hata uchochee kwa mwanga gani.

Fosforasi-32: haihitaji kujua unatafuta nini

Mwaka 1981 Randerath, Reddy na Gupta walileta njia inayofikiri kinyume kabisa. Haingoji kichafuzi king'ae, inakibandika alama. DNA humeng'enywa hadi nyukleotidi mojamoja, zile za kawaida hunyang'anywa fosfeti kwa kimeng'enya nyukliezi P1 ili zisibandikike, na zilizobaki na adakti hubandikwa fosforasi yenye mionzi. Kisha hutawanywa kwenye bamba la selulosi kwa vimiminika kadhaa, na filamu huonyesha madoa meusi.

Kwa unyeti peke yake, hii ndiyo bingwa. Hufika adakti 1 kwa nyukleotidi bilioni 1 hadi bilioni 10, yaani karibu adakti moja kwa seli nzima, na hutaka mikrogramu 1 hadi 10 tu za DNA. Kama sampuli yako ni ya mtoto mchanga au kipande kidogo cha nyama kutoka hospitalini, tofauti hii ya mara kumi au zaidi inaweza kuamua mjadala wote.

Doa, hata hivyo, halina jina. Unajua kuna kitu kimenata, hujui ni kitu gani. Kwa moshi, ambao ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali, badala ya madoa hupata mstari mzima mweusi wa mshazari, na unachopima ni jumla. Wakati mwingine jumla ndiyo unayoitaka. Wakati mwingine inakupoteza, na kisa cha nyangumi weupe wa Kanada kinaonyesha jinsi gani.

Nyangumi hao, beluga, wa mto St. Lawrence, huishi karibu na mdomo wa mto Saguenay, ambako viwanda vya kuyeyushia alumini vilimwaga PAH (familia ya kemikali ambamo benzo(a)pireni imo) kwa miaka mingi, na walikuwa wakifa na saratani. Katika miaka ya 1980 ubongo wa waliokufa ulipimwa kwa njia ya tetroli na fluoresensi, kazi ambayo Shugart wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, alikuwa mshiriki wake. Adakti za benzo(a)pireni zilionekana kwao, hazikuonekana kwa beluga wa Aktiki ya magharibi. Kesi ikaonekana imekwisha. Mwaka 1991 kikundi kingine kikapima beluga kwa fosforasi-32, na kikakuta adakti pande zote mbili, hata kwa wale wa Aktiki.

Wengi husoma hapo kwamba njia moja ilidanganya. Mimi sioni hivyo. Ya kwanza iliuliza, kuna benzo(a)pireni? Ya pili iliuliza, kuna kitu chochote kikubwa kilichonata? Wanyama wasioguswa na kiwanda chochote pia wana madoa, mengine yakitokana na chakula na kemia ya mwili wenyewe, na mengi huongezeka na umri. Asiyekuwa na kundi la kulinganisha lenye umri na mlo uleule asijisumbue na fosforasi-32.

Halafu kuna mambo ya kwetu. Fosforasi-32 hupungua kwa nusu kila siku 14.3. Kifurushi kikikaa forodhani mwezi mmoja, kinachokufikia ni chini ya robo ya ulicholipia. Utahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu kama uko Tanzania, au cha mamlaka ya udhibiti wa nyuklia kama uko Kenya, ngao za plastiki nzito aina ya akriliki, na mtu aliyefunzwa. Hayo yote yanawezekana. Lakini msimamizi akikuambia njia hii ni rahisi kwa sababu inataka DNA kidogo, muulize kifurushi cha mwisho kilichukua siku ngapi.

Kometi: ya bei nafuu, na inayoeleweka vibaya

Jaribio la kometi lilianza na Östling na Johanson mwaka 1984, na toleo la alkali linalotumika sana ni la Singh na wenzake, 1988. Seli hufungwa ndani ya agarosi, aina ya jeli, juu ya slaidi, utando wake huyeyushwa, slaidi huwekwa kwenye alkali yenye pH zaidi ya 13, umeme mdogo hupitishwa, na DNA iliyokatika hukimbilia upande mmoja kama mkia. Hutiwa rangi, huangaliwa kwa hadubini ya fluoresensi. Kompyuta ikikosekana, unaweza kuzipa seli 100 alama 0 hadi 4 kwa macho na kupata jumla kati ya 0 na 400.

Hapo kwenye hadubini ndipo mkanganyiko unapoanzia. Mwanga unaouona unatoka kwenye rangi uliyoweka wewe. Kichafuzi chenyewe hakijakuonyesha chochote, na unachopima ni mikatiko ya uzi wa DNA. Adakti kubwa kama ya BPDE haikati uzi. Mkatiko hutokea kwa muda mfupi wakati seli inajitibu, inapokata kipande kibovu ili kukibadilisha. Bila dawa za kuzuia ukarabati huo usikamilike, mtu aliyejaa adakti anaweza kuonekana msafi kabisa.

Kuna baya zaidi. Kemikali zinazounganisha nyuzi mbili za DNA, au DNA na protini, hufupisha mkia. Formaldehidi ni mojawapo, na hutumika kwenye gundi za mbao na vyumba vya maiti. Mfanyakazi aliyeathirika anaweza kutoka na alama nzuri kuliko jirani yake ambaye hajawahi kuisogelea.

Pamoja na hayo, mimi ni mpenzi wa kometi. Inataka seli elfu chache tu, haichagui kichafuzi, haina mionzi, na ina mwongozo wa kimataifa, OECD 489 wa mwaka 2014, kwa majaribio ya wanyama. Kwa zebaki, kromiamu ya viwanda vya ngozi au dawa za mashambani zisizong'aa, ndiyo chaguo la kwanza. Weka tu betri kubwa kati ya mashine na soketi, maana umeme ukikatika katikati ya zile dakika 20 au 30, slaidi zote za siku hiyo ni za kutupa. Na pima haraka: damu iliyosafiri juani kutoka kijijini itaonyesha mikia ya safari.

Kingamwili na spektromita ya tungamo

Hizi nazipita haraka. ELISA, kipimo cha maabara chenye kingamwili dhidi ya BPDE-DNA, hupima sampuli nyingi kwa siku moja, lakini kingamwili hizo hushika pia adakti za PAH nyingine, kwa hiyo matokeo yake yaandikwe kama PAH kwa jumla, yasiandikwe kama benzo(a)pireni. Spektromita ya tungamo iliyounganishwa na kromatografia ya kimiminika, yenye kiwango cha ndani kilichowekewa isotopu (kemikali ya kulinganishia inayochanganywa na sampuli), ndiyo inayotaja jina na idadi kwa pamoja. Ukiwa na fedha au mshirika mwenye mashine hiyo, acha kusoma hapa umwandikie barua.

Kuchagua, kwa swali ulilo nalo

Kwa moshi wa jikoni au wa kukaushia samaki, ningetoa tetroli na kupima kwa HPLC ya fluoresensi, na sambamba na hilo ningechukua mkojo wa kupima 1-hidroksipireni, mabaki ya PAH yanayotoka mwilini, kwa kigunduzi kilekile. Mkojo unasema juu ya moshi wa siku moja au mbili zilizopita. DNA ya limfosaiti, seli nyeupe za damu, inasema juu ya majuma na miezi. Wavutaji sigara watenge tangu mwanzo, la sivyo utakuwa umepima sigara.

Kwa samaki wa bandarini, usianze na DNA. Anza na nyongo. Ichanganye na ethanoli na maji kwa nusu kwa nusu, uizimue zaidi ya mara elfu, maana ikiwa nzito hujimezea mwanga wake yenyewe, kisha ichochee kwa nanomita 341 na uisome kwa 383. Kwa saa moja utajua ni vituo gani vina samaki waliokula PAH, na fedha za kupima DNA utazipeleka huko tu. Andika kama samaki alikuwa ametoka kula, kwa kuwa akila humwaga nyongo na kusoma kwako kutapotoka. Hiki ni kipimo cha kuguswa, si cha kuumia, na kiandikwe hivyo kwenye ripoti.

Kwa mahindi na karanga zenye ukungu, fluoresensi ina historia hapahapa. Mwaka 1983 Autrup na wenzake, pamoja na watafiti wa Kenya Wakhisi na Wasunna, waliripoti kwenye mkojo wa watu wa Murang'a kitu kinachong'aa sawasawa na adakti ya aflatoksini B1 na guanini. Mwaka 1987 walichapisha matokeo ya maeneo mbalimbali ya Kenya kwa skani ya pamoja: karibu mtu 1 kati ya 8 alikuwa nayo. Adakti hii hujitenga na DNA yenyewe na kutoka kwenye mkojo, kwa hiyo huhitaji sindano, jambo linalorahisisha sana mazungumzo na kamati ya maadili na wazazi wa watoto.

Na kwa yeyote atakayechagua fluoresensi, kabla ya sampuli ya kwanza nunua DNA ya ndama isiyo na kichafuzi. Ipitishe kwenye kila hatua: vimeng'enya vyako, fenoli yako kama unaitumia, asidi yako, mirija yako. Igawe mafungu mawili, moja ukiliongezea benzo(a)pireni ambayo haijabadilishwa na vimeng'enya, halafu yaoshe yote mawili kwa heksani kabla ya kuchemsha. Fungu uliloongezea likitoa mng'aro wowote kuliko lenzake, uoshaji wako hautoshi, na kilichojishikiza tu juu ya DNA kitahesabiwa kama kilichonata. Kuveti ziwe za kwatsi, na alama za kalamu ziandikwe kwenye kifuniko, kwa sababu wino wa kalamu nyingi nao hung'aa.